Siku Zaanza Kuhesabiwa Siku Ile ya Barua

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu wasiweze kuja.



Twawashukuru kwa kuja siku ya Jumapili, siku ambayo kila mtu angependa kukaa na watoto wake. Hatukuwaita kwa habari ya mishahara, wala kwa habari ya uchaguzi wa tawi. Tumewaita kwa jambo moja tu, nalo ni tarehe. Twataka kila mmoja wenu aondoke hapa akijua mfanya kazi aliyefutwa bila haki ana siku ngapi za kudai haki yake, siku hizo zaanza lini, na zaisha lini. Ni jambo dogo la kuhesabu, lakini limewanyang'anya watu haki ambayo hakuna tajiri aliyeweza kuwanyang'anya kwa nguvu.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, maana yu hai na ana heshima yake. Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha nyuzi, na alikuwa amefanya kazi hapo miaka 14. Mwezi wa Machi 2019 yalipotea marobota ya nyuzi katika stoo, wakati wa zamu ya usiku. Polisi waliitwa. Akakamatwa yeye pamoja na mlinzi, na siku ya tatu akapewa barua ya kufutwa kazi. Hakuitwa kusikizwa, wala hakuulizwa neno. Alikuja ofisini kwetu na barua mkononi. Tukaisoma, tukamwambia hivi: "Ndugu, ngoja kwanza kesi ya polisi iishe. Ukiachiliwa, tajiri hatakuwa na la kusema, ndipo sisi tutamshitaki."

Maneno hayo tuliyasema kwa nia njema. Lakini yalikuwa maneno mabaya, na leo twakiri mbele yenu kwamba sisi ndio tuliyoyasema.

Kesi ya wizi ilikwenda polepole. Mwaka 2020 korti zilipunguza kazi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mashahidi hawakuja, na tarehe ikasukumwa mbele mara nyingi. Mwezi wa Agosti 2022 hakimu alimwachilia huru. Akaja ofisini mbio, ameshika karatasi ya hukumu, uso wote furaha. Tulimpeleka kwa wakili. Wakili hakuuliza habari ya nyuzi, wala habari ya miaka 14. Aliuliza neno moja: "Barua ya kufutwa ina tarehe gani?" Tukamwonyesha. Akaifunga faili, akatuambia kwamba mlango ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa Machi mwaka ule ule. Tulichelewa miezi mitano.

Ndugu zetu, mtu huyu alikuwa na haki. Alifutwa bila kusikizwa, na sheria ya Kenya haikubali jambo hilo. Hakushindwa na tajiri. Alishindwa na kalenda, na sisi tuliokuwa tukimwongoza ndio tuliomchelewesha. Leo anauza nguo za mitumba. Akikutana nasi hutusalimu vizuri, na salamu zake zatuuma kuliko matusi. Ndiyo sababu tumewaita.

SHERIA YASEMAJE

Wazee waliomo humu watakumbuka kwamba zamani mtu aliyekuwa na dai juu ya mkataba wa kazi alikuwa na miaka 6 ya kwenda kortini. Hesabu hiyo ilitoka katika sheria ya jumla ya kuweka mipaka ya mashitaka. Wengi wetu bado tunayo kichwani, na tunaipitisha kwa vijana kana kwamba ingali hai. Yafaa tuitoe kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008, iliipunguza ikawa miaka 3.

Kifungu chenyewe ni kile kilichojulikana siku zote kama kifungu cha 90. Katika chapa mpya za sheria kimepewa hesabu ya 89, basi msishangae mkiona namba mbili. Ni kifungu kile kile. Maana yake ni hii: hakuna shauri lolote litokalo katika Sheria ya Ajira, au katika mkataba wa kazi, litakalosikizwa na korti isipokuwa limefunguliwa ndani ya miaka 3 tangu lilipotendeka lile jambo linalolalamikiwa. Na kama ni dhara linaloendelea siku baada ya siku, basi ni ndani ya miezi 12 tangu dhara hilo lilipokoma. Juu ya hilo la miezi 12 tutasema baadaye.

Lakini miaka 3 si hesabu ya peke yake. Ziko hesabu tatu, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni siku 90. Huu ni mlango wa chama. Mwanachama akifutwa kazi, chama chaweza kupeleka ugomvi huo kwa Waziri anayesimamia mambo ya kazi, ili achague mpatanishi wa kukaa na pande mbili. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema ugomvi wa kufutwa kazi upelekwe ndani ya siku 90 tangu mtu alipofutwa. Zikipita, Waziri aweza kuongeza muda, lakini lazima aonyeshwe sababu njema. Kusahau si sababu njema.

Ya pili ni miezi 3. Huu ni mlango wa mtu mwenyewe. Sheria ya Ajira yasema mfanya kazi aliyefutwa papo hapo, au aliyeachishwa bila haki, aweza kupeleka malalamiko yake kwa Ofisa wa Kazi, yaani ofisi ya leba, ndani ya miezi 3 tangu tarehe ya kufutwa. Hahitaji wakili, na hahitaji kuwa mwanachama wa chama chochote.

Ya tatu ndiyo miaka 3, na huo ndio mlango wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama hii ni mrithi wa ile Korti ya Viwanda iliyoanzishwa mwaka 1964, na Katiba ya 2010 iliipa cheo sawa na Mahakama Kuu. Ina nguvu nyingi, lakini haina nguvu ya kuongeza hata siku moja juu ya miaka hiyo 3. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo wazi mwaka 2015: majaji waweza kumhurumia mtu, lakini sheria imewafunga mikono. Tafadhalini lishikeni hilo. Kwa Waziri kuna kuomba msamaha wa kuchelewa. Kortini hakuna.

MAMBO YASIYOSIMAMISHA SAA

Watu wengi hawachelewi kwa uvivu. Huchelewa kwa kuwa wanangojea kitu, na wanadhani saa nayo inangoja. Haingoji. Tutataja mambo manne yanayowadanganya wenzetu.

La kwanza ni kesi ya polisi, ambalo tumekwisha kuliona. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ilisikiza shauri la wafanya kazi waliofutwa na tena wakashitakiwa kwa jinai. Wao walitaka siku zihesabiwe tangu walipoachiliwa huru. Mahakama ikasema hapana, siku zahesabiwa tangu barua ya kufutwa. Na ukifikiri utaona sababu yake. Korti ya jinai yauliza kama uliiba. Mahakama ya Kazi yauliza mambo mengine: je, mwajiri alikuwa na sababu ya kweli, na je, alikusikiza kabla ya kukufuta? Maswali hayo yaweza kujibiwa siku ile ile uliyofutwa, hata kama kesi ya polisi haijaanza.

La pili ni mazungumzo ya kupatana. Meneja akisema, "Njoo wiki ijayo tuzungumze," twende, kwa kuwa kupatana ni kuzuri na ni kazi ya chama. Lakini mwaka huo huo wa 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema pia kwamba mazungumzo ya nje ya korti hayasimamishi hesabu ya siku. Wako waajiri wanaojua jambo hili kuliko sisi. Hutoa chai, hutoa tabasamu, hutoa tarehe nyingine, na nyingine tena, mpaka miaka 3 imekwisha. Siku inayofuata mlinzi wa geti hakujui.

La tatu ni rufani ya ndani ya kampuni. Katika mikataba yetu mingi, mtu aliyefutwa aweza kuandika rufani kwa mkurugenzi. Andikeni, na fuateni siku zilizowekwa, maana huenda mkurugenzi akarekebisha kosa la meneja. Lakini msihesabu siku zenu tangu jibu la rufani. Hesabuni tangu barua ya kwanza.

La nne ni barua za kudai. Wako wanaodhani kwamba wakili akiandika barua ya kudai, basi shauri limefunguliwa. Sivyo. Barua ya kudai ni barua tu. Shauri lafunguliwa siku ile karatasi zake zinapoingia kortini na ada kulipwa. Muulize wakili wako namba ya shauri. Kama hana namba, hakuna shauri.

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mambo haya, huumiza hata matumbo ya watoto.

JE, SHERIA HII NI YA MATAJIRI?

Tumesikia wenzetu wakisema kwamba mpaka huu wa miaka umewekwa ili kuwasaidia wenye mali. Haifai tujibu kwa hasira, tufikiri. Shauri la kufutwa kazi lategemea watu na karatasi. Yule karani aliyeona meneja akikufukuza atahama. Msimamizi wa zamu atastaafu arudi kwao. Daftari la zamu litaliwa na mchwa. Ukienda mapema, mashahidi wako wapo na kumbukumbu zao ni mbichi. Ukienda mwaka wa tatu, una haki yako lakini huna mtu wa kuisema.

Tena tukumbuke kwamba sheria hiyo hiyo iliyotupunguzia miaka ndiyo iliyotupa silaha tulizokuwa hatuna. Mwajiri sasa hana ruhusa ya kumwondoa mtu kwa notisi tu na kunyamaza; lazima athibitishe sababu. Anapotaka kumwondoa mtu kwa utovu wa nidhamu, kwa udhaifu wa kazi au kwa kukosa nguvu za mwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale kiwandani. Asipofanya hivyo, mahakama yaweza kuamuru alipe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, mbali na notisi na haki nyingine. Silaha ni nzuri. Lakini silaha iliyowekwa dari mpaka ikaota kutu haiui hata panya.

ANAYETAKA KURUDI KAZINI AENDE MBIO ZAIDI

Sasa tusikilizane kwa makini, maana jambo hili wengi hawalijui hata kidogo. Mahakama yaweza kuamuru mtu arudishwe kazini. Lakini sheria iliyoianzisha mahakama hiyo, ya mwaka 2011, yasema amri ya kurudishwa hutolewa ndani ya miaka 3 tangu mtu alipofutwa. Tazameni tofauti. Katika fidia, inatosha kuwa umefungua shauri kabla ya miaka 3 kwisha. Katika kurudishwa kazini, ni amri yenyewe inayotakiwa kutoka kabla ya miaka 3.

Mashauri hayaishi kwa mwezi mmoja. Mtu akifungua shauri mwaka wa tatu, hata akishinda, kazi yake imekwisha kwenda. Atapewa fedha tu. Kwa kijana fedha huenda zikatosha. Lakini mwenye umri wa miaka 50, ambaye hakuna kiwanda kingine kitakachomchukua, kazi ndiyo anayoitaka. Mtu kama huyo asikae hata mwezi mmoja.

DHARA LINALOENDELEA

Tulisema tutarudi kwenye ile miezi 12. Dhara linaloendelea ni kosa linalorudiwa rudiwa. Kwa mfano, mwajiri hukulipa kila mwezi chini ya kiwango kilichowekwa, au kila mwezi hakulipi saa za ziada. Sheria yasema dai la namna hiyo lifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu dhara lilipokoma. Ukifutwa kazi, dhara hilo limekoma siku hiyo.

Kwa hivyo yule anayesema, "Nina miaka 3, nitadai kila kitu pamoja," huenda akafika mwezi wa ishirini akapata shauri la kufutwa limesimama, na dai la saa za ziada limekufa. Shauri letu kwenu ni moja: kama una madai ya mshahara uliopunjwa, hesabu miezi 12, usihesabu miaka 3. Ukiwahi mapema hutapungukiwa na kitu.

TUHESABU PAMOJA

Tuchukue mfano, na mwenye kalamu aandike. Mtu alipewa barua ya kufutwa Jumatatu tarehe 5 Mei 2025.

Siku 90 za chama zaishia tarehe 3 Agosti 2025. Tazameni kalenda: hiyo ni Jumapili, ofisi imefungwa. Basi kwa mtu mwenye akili, siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 1 Agosti.

Miezi 3 ya Ofisa wa Kazi yafika tarehe 5 Agosti 2025.

Miezi 12 ya dhara linaloendelea yafika tarehe 5 Mei 2026.

Miaka 3 ya mahakama yafika tarehe 5 Mei 2028. Usifike siku hiyo. Karatasi hukosewa, wakili huugua, mtambo wa kompyuta wa korti hukataa kufungua. Anayekwenda siku ya mwisho ameweka maisha yake mikononi mwa waya wa stima.

Na aliyepewa notisi ya mwezi mmoja, ahesabu tangu barua au tangu mwisho wa notisi? Wanasheria waweza kubishana. Sisi hapa tawini hatubishani; tunahesabu tangu tarehe ya barua, kwa sababu ndiyo iliyo mapema. Na aliyefukuzwa getini bila barua ahesabu tangu siku ile aliyozuiwa kuingia.

LA KUFANYA

Ukipigwa kalamu, fanya mambo haya kwa utaratibu wake.

Pokea barua, na uandike juu yake siku uliyoipokea. Kama hukupewa barua, andika kwa mkono wako mwenyewe siku, saa, mahali, nani alikuambia nini, na nani walisikia. Usitie sahihi karatasi yoyote ya kusema umelipwa yote na huna dai, kabla hujaisoma na kutuonyesha. Chukua cheti chako cha kazi. Ni haki yako, na kukichukua si kukubali kufutwa.

Weka pamoja hati za mshahara, barua ya kuajiriwa, kadi ya chama na barua zote za onyo. Andika majina ya mashahidi na namba zao za simu, maana baada ya mwaka hutajua walipo.

Kisha, ndani ya wiki ile ile, uje ofisini. Usingoje upate nauli ya kwenda nyumbani kwanza, wala usingoje hasira ipoe. Wengi hufutwa Ijumaa, Jumamosi wakapanda basi, wakaenda kulima, wakarudi mjini baada ya miaka miwili. Shamba halikimbii.

Na ninyi wajumbe wa viwandani, kazi yenu si kukusanya malalamiko tu. Mtu akifutwa katika idara yako, nawe hukumleta kwetu, sehemu ya hasara yake ni yako.

Sisi wa ofisi nasi tumejiwekea sharti. Tangu ile habari ya ndugu wa nyuzi, tumefungua daftari kubwa. Kila barua ya kufutwa ikifika yaandikwa siku hiyo hiyo, na mbele ya jina la mtu twaandika tarehe zote nne kwa wino mwekundu. Kila Jumatatu asubuhi katibu na karani hulifungua pamoja. Ikiwa mazungumzo na mwajiri yamepita miezi sita bila matunda, hatuulizani tena. Faili yaenda kwa wakili, na mazungumzo yaendelee huku shauri limefunguliwa. Mwanachama yeyote ana ruhusa ya kuja kuomba aonyeshwe mstari wake katika daftari hilo. Akikuta hauko, na asimame hapa mbele ya mkutano atushitaki.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja wa idara ya kufungasha aliuliza: mtu asiyeijua sheria hii, je, hawezi kusamehewa? Tulijibu kwamba kutojua hakusimamishi saa. Kama kungesimamisha, kila mtu angesema hakujua. Ndiyo sababu twamwomba kila aliyehudhuria akamwambie mtu mmoja ambaye hakuja.

Ndugu mmoja aliuliza: ikiwa chama kimezembea, mwanachama afanye nini? Tulijibu bila kuficha. Haki ya kwenda mahakamani ni ya mfanya kazi mwenyewe. Aweza kwenda kwa Ofisa wa Kazi, aweza kutafuta wakili, na aweza kufungua shauri kwa jina lake mwenyewe. Asikubali kufa na chama kilicholala.

Mzee wa idara ya makanika alisema ana mwana anayeendesha lori, aliyeandikwa kazi na mwajiri wa Arusha chini ya sheria ya Tanzania. Je, naye ana miaka 3? Hasha. Kule Tanzania mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayelalamikia kuachishwa kazi hupewa siku 30 tu. Aliyechelewa aweza kuomba muda, lakini lazima atoe sababu njema. Kila nchi ina kibaba chake. Yafaa mtu ajue mkataba wake unapimwa kwa kibaba gani.

Kijana mmoja alicheka akasema: "Wao siku 30, sisi miaka 3. Basi sisi tuna raha." Twataka tumalizie kwa neno la kijana huyu. Tumeangalia daftari letu la zamani, na tumeona kwamba urefu wa muda wetu ndio mtego wake. Mwenye siku 30 hukimbia, kwa kuwa anaona mwisho. Mwenye miaka 3 hulala, kwa kuwa haoni. Hao wote waliotufikia wamechelewa hawakuwa wajinga, wala hawakuwa waoga. Walikuwa na subira, na walimwamini mtu aliyewaambia wangoje. Mara moja, mtu huyo alikuwa sisi.

Basi ndugu zetu, kuanzia leo, mkimsikia mtu yeyote akimwambia aliyefutwa kazi "ngoja kwanza", awe meneja, awe wakili, awe jirani, hata awe katibu wa chama hiki, mwulizeni papo hapo: "Barua ina tarehe gani?" Kisha mshikeni mkono mwenye barua, mmlete ofisini. Milango yetu ni wazi kila siku ya kazi tangu saa mbili asubuhi, na Jumamosi mpaka saa saba mchana.

Umoja ni nguvu. 

Kamati ya Tawi